Jinsi ya kuokoa maktaba ya picha iliyokataa kufunguka katika diski ya nje

FAMILIA nyingi, pamoja na wapigapicha wa harusi, mahafali na mazishi, huhifadhi picha zao katika diski ya nje, kile kisanduku kidogo kinachounganishwa na tarakilishi kwa waya wa USB. Diski hiyo hubeba picha nyingi na huweza kuhamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Hata hivyo, tarakilishi mpya inaponunuliwa, au mfumo wa ile ya zamani unapowekwa upya, baadhi ya watu hukumbana na ujumbe mfupi unaodai kwamba hawana idhini ya kufungua maktaba ya picha waliyoiunda wao wenyewe.

Ujumbe huo hutia watu hofu, na hofu hiyo ndiyo huzaa hasara. Tatizo linapokuwa la idhini, picha huwa zingali mahali pake. Kilichobadilika ni utambulisho wa anayebisha hodi. Hatari huanza pale mwenye picha anapofuta faili ovyo, anapozihamisha bila mpango, au anapokubali diski ifomatiwe kwa sababu tarakilishi imemshauri hivyo. Picha ya harusi ya wazazi au ya marehemu nyanya haiwezi kupigwa tena, na ndiyo maana utaratibu ufaao kufuatwa ni kuelewa kwanza, kunakili pili, na kurekebisha mwisho.

IDHINI NI NINI?

Mifumo ya Mac na Linux hufuata utaratibu wa idhini uliotokana na Unix, mfumo ulioanza kuundwa mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Katika utaratibu huo, kila faili au folda hutambua makundi matatu ya watu: mmiliki, kikundi fulani, na watu wengine wote. Kila kundi huweza kupewa au kunyimwa haki tatu, yaani kusoma, kuandika na kutekeleza. Kwa upande wa folda, haki ya kutekeleza humaanisha ruhusa ya kuingia ndani yake.

Kwa hivyo, mtu anaweza kuwa na haki ya kusoma picha lakini akose haki ya kuandika. Programu za picha huhitaji zote mbili, kwa kuwa kila zinapofunguka huandika mambo mapya katika hifadhidata yao. Zikinyimwa haki ya kuandika, hukataa kufunguka ingawa kila picha imo salama.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba diski haihifadhi jina la mmiliki, bali nambari yake. Katika tarakilishi za Mac, mtumiaji wa kwanza kusajiliwa hupewa nambari 501, wa pili 502, na kuendelea. Katika Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya aina za Linux, wa kwanza hupewa 1000. Chukua mfano wa mama aliyekuwa mtumiaji wa pili katika tarakilishi ya nyumbani. Akinunua yake mwenyewe, atakuwa nambari 501, ilhali picha zake katika diski zingali za nambari 502. Machoni pa tarakilishi hiyo mpya, yeye ni mgeni.

Windows nayo hutumia kitambulisho kirefu ambacho kwa kawaida huanza na S-1-5-21. Mfumo ukiwekwa upya, kitambulisho kipya huundwa, hata kama jina na nywila ni zile zile za awali.

KAGUA FOMATI KABLA YA KUGUSA IDHINI

Si kila diski huhifadhi idhini. Fomati za FAT32 na exFAT, zinazopatikana katika diski nyingi zinazouzwa madukani, hazina kumbukumbu ya mmiliki hata kidogo. Kosa likitokea katika diski ya aina hiyo, kubadilisha idhini hakutasaidia. Aidha, FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti nne, jambo linalofanya video ndefu zikataliwe.

NTFS, ambayo ni fomati ya Windows, huzua tatizo la aina nyingine. Mac huweza kusoma diski ya NTFS lakini, kwa uwezo wake yenyewe, haiandiki chochote humo. Mwenye kutoa diski kwenye Windows na kuiunganisha na Mac ataona picha zake zote, ila hataweza kuongeza wala kufuta hata moja.

Kampuni ya Apple hushauri kwamba maktaba ya programu yake ya Photos iwekwe katika diski ya fomati ya APFS au ile iliyotangulia ya Mac OS Extended, na isiwekwe katika diski inayotumiwa na Time Machine kwa nakala za akiba. Ikiwa fomati ndiyo kikwazo, dawa ni kunakili picha zote kwingine, kuhakikisha zinafunguka, kisha kufomati diski na kuzirejesha. Kufomati hufuta kila kilichomo, na kwa sababu hiyo hatua hiyo haipaswi kutangulia nakala.

HATUA KWA WATUMIAJI WA MAC

Photos ilichukua mahali pa iPhoto mwaka wa 2015. Maktaba yake huonekana kama faili moja, kumbe ni folda iliyosheheni picha asilia pamoja na hifadhidata inayozipanga. Ni kosa kuingia ndani ya folda hiyo na kuhamisha faili kwa mkono, kwani hifadhidata haitajua zilikokwenda.

Kwanza, mtumiaji afunge Photos. Katika Finder, achague diski yenyewe wala si maktaba, kisha abonyeze Command pamoja na herufi I. Dirisha la maelezo litafunguka, na chini yake kuna sehemu iitwayo "Sharing & Permissions". Abofye alama ya kufuli, aandike jina na nywila ya msimamizi, kisha atie alama penye maneno "Ignore ownership on this volume". Kwa kufanya hivyo, huwa ameagiza tarakilishi ipuuze nambari za wamiliki katika diski hiyo. Mara nyingi hatua hii pekee hutosha.

Pili, afungue Photos huku ameshikilia kitufe cha Option, ili achague mwenyewe maktaba iliyo katika diski ya nje.

Tatu, mlango ukizidi kugoma, afungue dirisha lile lile la maelezo, safari hii kwa maktaba yenyewe, na kuhakikisha jina lake lina haki ya kusoma na kuandika. Menyu ya vitendo iliyo chini ya orodha hiyo humwezesha kueneza haki hizo kwa vyote vilivyomo ndani. Hatua hii isijaribiwe kamwe kwa diski kuu ya tarakilishi, kwa kuwa inaweza kuvuruga mfumo mzima.

Nne, akishikilia Option na Command kwa pamoja anapofungua Photos, ataletewa kifaa cha kurekebisha maktaba. Kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu ikiwa picha ni nyingi, na diski haifai kuchomolewa kabla haijakamilika.

Fauka ya hayo, tangu toleo la Catalina la mwaka wa 2019, Mac hudai kila programu iombe ruhusa kabla ya kusoma diski za nje. Mtumiaji aliyewahi kubofya kitufe cha kukataa bila kufikiri anaweza kurekebisha hilo katika mipangilio ya faragha na usalama, kwenye sehemu ya faili na folda.

Inafaa pia kutahadhari na mashauri yaliyopitwa na wakati. Miongozo ya zamani hupendekeza kurekebisha idhini za diski kupitia Disk Utility. Kitufe hicho kiliondolewa mwaka wa 2015 katika toleo la El Capitan, na hata kilipokuwapo kilishughulikia faili za mfumo, si picha za watu.

WINDOWS NA LINUX

Katika Windows, mtumiaji abofye folda ya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague "Properties", kisha "Security" na baadaye "Advanced". Hapo ataona jina la mmiliki, au kile kitambulisho kirefu cha akaunti isiyokuwapo tena. Abadilishe mmiliki kwa kuandika jina la akaunti yake, na atie alama kwenye kisanduku kinachoagiza badiliko hilo lifuatwe na folda zote za ndani. Baada ya hapo, arudi na kujipa haki kamili.

Katika Linux, amri ya chown hubadilisha mmiliki, nayo chmod hubadilisha haki. Diski ikiwa ya fomati ya ext4, amri ya "sudo chown -R" ikifuatwa na jina la mtumiaji na mahali ilipo folda hutosha. Anayeiandika ahakikishe ametaja folda ya picha pekee, kwani amri hiyo hutekelezwa bila kuuliza swali.

Diski ya NTFS nayo huweza kufunguka katika Linux kwa kusomwa tu, ikiwa Windows haikuizima ipasavyo. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, mfumo huo umekuwa na njia ya kuwaka haraka ambayo haizimi tarakilishi kabisa. Kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuzima kwa kipanya hulazimisha Windows kuzima kikamilifu na kuiachilia diski.

PALE TATIZO SI IDHINI

Kuna mambo matatu yanayofanana na kosa la idhini lakini sivyo yalivyo. La kwanza ni usimbaji. Faili zilizosimbwa hazifunguki kwa kubadilisha mmiliki. Zinahitaji nywila au ufunguo wa awali. La pili ni waya au tundu bovu la USB, ambalo hufanya diski ionekane na kupotea. La tatu ni diski inayokufa. Ikitoa mlio wa kugongagonga, au ikichukua dakika kadhaa kuonyesha folda moja, isirekebishwe kwa amri yoyote. Kinachotakiwa ni kuokoa picha zinazosomeka mara moja, au kuizima na kuipeleka kwa fundi wa kuokoa data.

Kadhalika, tarakilishi ikidai kwamba diski haisomeki na kupendekeza ifomatiwe, jibu liwe hapana hadi ijaribiwe kwa waya mwingine na kwa tarakilishi nyingine.

GHARAMA YA KUFUNGUA MILANGO YOTE

Kupuuza umiliki kuna gharama yake: yeyote atakayeiokota diski hiyo ataweza kutazama kila picha. Kwa familia, huenda hilo lisiwe jambo zito. Lakini kwa mwenye studio hali ni tofauti, kwa sababu chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nchini Kenya, picha inayomtambulisha mtu huhesabiwa kuwa data yake ya kibinafsi. Anayehifadhi picha za wateja anashauriwa kuisimba diski nzima kwa nywila, na kuiandika nywila hiyo mahali salama, mbali na diski yenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kabla ya kuuza, kugawa au kufuta tarakilishi ya zamani, mwenye picha aiunganishe diski yake na ile mpya, afungue maktaba, na atazame picha kadhaa za miaka tofauti. Kisha atengeneze nakala ya pili katika diski nyingine na kuiweka katika nyumba nyingine. Tarakilishi ya zamani ingali mezani, kosa la idhini ni usumbufu wa nusu saa. Ikishauzwa na diski ikawa moja tu, kosa dogo lolote linaweza kufuta kumbukumbu za ukoo mzima.