Nani Atashika Upande wa Huku?

Mkataba mpya uliingia Jumanne usiku. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima hapa Machakos mjini, na mimi nilikuwa nafanya kazi kwa betri ya laptopu na bando za simu. Kampuni ninayoiandikia programu iko ng'ambo, na sijawahi kumshika mkono hata mmoja wa mabosi wangu. Waliniongeza miaka miwili. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kimoja kilichoniweka macho hadi asubuhi: naweza kufanya kazi kutoka nchi yoyote, bora saa zangu zikutane na za wenzangu angalau saa nne kwa siku.

Niliwatumia marafiki kifungu hicho na majibu yakaja kama mvua. Enda Lisbon. Ureno walifungua viza ya watu wanaofanya kazi ya mbali Oktoba 2022, na sharti kubwa ni uwe unalipwa angalau mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kule. Mwaka 2024 hiyo ilikuwa yuro 3,280 kwa mwezi. Nilipiga hesabu mara tatu. Nafika, lakini kwa kuhema.

Wote walizungumza kana kwamba swali hili limezaliwa na intaneti. Niende niishi mbali na kazi yangu, au nibaki? Lakini mimi ni Mkamba. Watu wangu wamekuwa wakijiuliza swali hili tangu kabla Nairobi haijakuwepo. Kwa hivyo kabla ya kujaza fomu yoyote, niliamua kusoma walivyojibu wao.

*

Ukambani ni nchi ya mvua mbili kwa mwaka, na zote mbili zinajua kudanganya. Mvua ikikataa, watu hawakukaa kungoja. Kulikuwa na neno la jambo hilo: kuthuua, yaani kwenda mbali kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Safari za njaa zikazaa biashara. Kufikia katikati ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa ikibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, mamia ya watu kwa mguu, na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba.

Jina kubwa la wakati huo ni Kivoi, mfanyabiashara wa upande wa Kitui. Ndiye aliyemkaribisha mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, mwaka 1849, na ni kutoka pande hizo ndipo Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Vitabu vya shule vinatuachia hapo, na mzungu wetu na mlima wake. Vinasahau kwamba Kivoi alikuwa anajua njia za nchi nzima, na kwamba mwaka 1851 aliuawa safarini kuelekea mto Tana. Mtu mkubwa kuliko wote katika biashara ya mbali alifia njiani.

Wengine hawakufa, ila hawakurudi. Krapf alipofika Rabai miaka ya 1840, alikuta Wakamba wameshajenga pande hizo, wengine wakiwa wamesukumwa na njaa ya miaka ya 1830. Wajukuu wao wako Kilifi na Kwale mpaka leo. Sidhani wote walitoka nyumbani wakisema "tunahama". Nadhani wengi walienda kwa msimu mmoja, nyumbani kukawa bado kukavu, na msimu ukazaa msimu.

Hilo lilinigusa kwa sababu ndivyo marafiki zangu wanavyozungumza. "Mwaka mmoja tu, halafu uone."

*

Safari ya pili haikuwa ya hiari. Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza walihitaji watu wa kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Hao ndio Kariakoo, jina lililobaki Nairobi kama Kariokor na Dar es Salaam kama Kariakoo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Baada ya vita, serikali ikaanza kutekeleza sheria ya kipande iliyopitishwa mwaka 1915: kila mwanamume Mwafrika atembee na karatasi yake ndani ya kasha la chuma, nyingi zikining'inia shingoni, ikionyesha nani kamwajiri na kama ameachiliwa. Serikali ikapata njia ya kumtafuta mwanamume yeyote aliyetoroka kazi. Mke aliyekuwa Machakos akingoja hakupewa kitu cha kumtafutia mumewe.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, hapa hapa kaunti ya Machakos. Huko Tanganyika aliona watu wakichonga vinyago, akajifunza. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani, lakini vitu vya matumizi: viti, miiko, vyombo vya ugoro. Mutisya alikuja na wazo la kuchonga sanamu za kuuza kwa wageni. Akafundisha jamaa, jamaa wakafundisha majirani, na baada ya miaka michache Wamunyu ikawa karakana nzima. Swara, twiga, morani mwenye mkuki, vijiko vya saladi. Vitu hivi vilipanda gari hadi Nairobi na Mombasa, kisha meli, kisha vikakaa juu ya meza za watu London na New York.

Angalia kilichotokea hapo. Mtu alienda mbali mara moja, akarudi na ujuzi, na kuanzia siku hiyo kazi ndiyo iliyosafiri. Mchongaji alibaki chini ya mti wake Wamunyu, na mteja akawa ng'ambo. Mimi na laptopu yangu hatukuanzisha chochote. Hata njia ni ile ile: kebo za baharini zilizotuletea intaneti ya kasi mwaka 2009 ziliingilia Mombasa, pale pale pembe za Kivoi zilipokuwa zikitokea.

Lakini kubaki pia kulikuwa na gharama yake, na wachongaji waliijua. Mteja akiwa mbali, bei inapangwa na mtu wa katikati, na yule wa mbali ndiye anayeamua unachonga nini. Akitaka twiga, ni twiga. Ndiyo maana wakaunda vyama vya ushirika, pale Wamunyu na pia Changamwe, Mombasa, ambako wachongaji Wakamba wamekuwa na karakana yao kubwa tangu miaka ya 1960. Nami naijua hali hiyo. Wenzangu wanaoishi karibu na ofisi wanapandishwa cheo kwenye mikutano ambayo kwangu ni saa nane usiku. Mimi nachonga twiga walioagiza.

*

Niliposoma mpaka hapo nilikuwa karibu kuamua kwenda. Kisha nikafika kwenye sehemu ya historia inayohusu kwetu, na nikakwama.

Mwaka 1937 afisa wa kikoloni wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, alizunguka vilima vya Machakos na kuandika ripoti ya kukata tamaa. Aliona makorongo, ng'ombe waliokonda, ardhi inayogeuka kuwa mawe na mchanga. Ukisoma ungesema kufikia leo hapa hakungekuwa na mtu. Lakini mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kilichoshangaza wengi. Tangu miaka ya 1930 watu wa wilaya hii walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 hadi kama milioni 1.4, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Vilima vilikuwa vimevaa matuta kutoka juu hadi chini.

Nani alilipia matuta hayo? Sehemu ni kahawa, sehemu ni mboga za soko la Nairobi. Sehemu nyingine kubwa ni mishahara ya watu waliokuwa mbali: polisi, wanajeshi, makarani, watu wa reli na bandari. Na nani aliyachimba? Hapo ndipo nilipokwama. Mengi yalichimbwa na mwethya, vikundi vya kusaidiana, na wengi ndani yake walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa Nairobi na Mombasa. Walitumia mtindo unaoitwa fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu wa mteremko, mvua baada ya mvua shamba linajisawazisha lenyewe. Ni kazi ya kuvunja mgongo.

Mimi ni mtoto wa hesabu hiyo. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa miaka kumi na tisa. Mama alikuwa kwenye mwethya, Kangundo.

Katika kila safari niliyosoma kulikuwa na mtu upande wa pili. Mtu alisaga chakula cha njiani cha msafara. Mtu alilima wakati wa Kariakoo. Mtu alichimba fanya juu. Historia inawataja kwa majina wale walioenda. Waliobaki inawaita "vikundi".

*

Jumamosi nikapanda matatu ya Kangundo.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza yote: mkataba, viza, yuro. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Ureno ni wapi?"

"Ulaya, Mwaitu. Kando ya bahari."

"Ni mbali kuliko Mombasa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba yako alikuwa Mombasa," akasema. "Mombasa ni hapa. Basi la usiku, asubuhi umefika. Lakini anasema atakuja Desemba, anakuja Februari. Watu wa mwethya wananiuliza, mama, siku yako ya kuchimba ni lini, tujipange. Nami sijui kama pesa ya kuwapikia inakuja. Nawaambia wiki ijayo. Wiki ijayo nawaambia wiki ijayo. Umbali sikuuogopa hata siku moja. Nilichoka kuwa mtu wa kuambia watu wiki ijayo."

Akamimina maharagwe kwenye sufuria.

"Ukitaka kwenda, enda. Usinipe tarehe usiyoijua. Na hiyo pampu ya tangi ikikwama nampigia nani? Wewe Ureno?"

Nilikuwa nimesoma wiki mbili, na swali la maana lilikuwa ni la pampu.

Tukaanza kuhesabu. Ndugu yangu yuko Athi River, anaweza kuja kila Jumapili ya pili, na alipopigiwa simu alikubali, ingawa alinikumbusha kwamba mimi ndiye ninayelipwa kwa yuro. Fundi wa pampu alipwe kila mwezi, ikikwama isikwame. Pesa ya Mama itumwe tarehe tano, mshahara uwe umeingia au haujaingia, kumaanisha lazima niweke akiba ya miezi mitatu kabla sijaondoka. Hiyo peke yake inaniongezea nusu mwaka hapa Machakos. Na nitarudi kabla ya mvua za Oktoba, wakati matuta yanatengenezwa, kwa sababu matuta yasipotengenezwa mwaka mmoja unaweza kupoteza udongo uliokusanywa miaka thelathini.

Kwa hivyo nitaenda. Mwaka mmoja. Marafiki wananiambia nimepanga kama mtu anayeenda vitani. Labda. Bado naogopa Rabai, ule msimu unaozaa msimu. Siwezi kuapa kwamba nikifika huko sitapata sababu nzuri ya kuongeza mwaka. Waliokaa Rabai pia walikuwa na sababu nzuri.

Kabla sijatoka Mama alileta kalenda, ile anayopewa kila mwaka na chama cha kahawa, na kuniuliza tarehe. Ya mwaka huo mwingine haijachapishwa, kwa hivyo aliandika nyuma, kwenye karatasi tupu: 28 Septemba. Aliandika kwa penseli.

"Kwa nini penseli, Mwaitu?"

"Kalamu ni ya siku utakayofika," akasema. "Sasa niandikie na namba ya huyo fundi."