Mita Mbili za Kivuli

Ukishuka matatu Usenge na mvua ianze, hukimbilii ndani ya duka. Unakimbilia veranda. Hakuna anayekuuliza unanunua nini. Utampata mama wa omena na karai lake, vijana wa bodaboda, na mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona mahali pengine.

Mamangu alishona hapo, kando ya nguzo ya pili, miaka kumi na moja. Karo yangu ya chuo ilitoka kwa hiyo cherehani, hadi ikashindikana na mimi nikarudi nyumbani. Kwa hivyo hizi nguzo sikuzisomea darasani.

Hata kabla ya mabati, Wajaluo walikuwa na kitu kama hiki. Paa la nyasi la nyumba ya duara lilishuka kupita ukuta, likabebwa na nguzo za miti kwa nje. Nafasi hiyo inaitwa agola. Kazi yake ilikuwa kuzuia mvua isilambe udongo wa ukuta, lakini palipo na kivuli watu hukaa. Pwani pia, Lamu kwa mfano, watu walijenga baraza la mawe mlangoni, mgeni aketi kabla ya kuingia ndani. Huku bara neno hilo likaja kuwa mkutano wa chifu.

Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Wafanyabiashara Wahindi wakafuata, Allidina Visram akiwa kati ya wakubwa wao. Duka la Mhindi lilikuwa na paa lililosogezwa mbele, likasimama juu ya nguzo. Jua halikuchoma vitambaa, na mteja hakulowa. Kisumu mjini nguzo zikawa za zege, safu baada ya safu, ukaweza kutembea mtaa mzima kivulini.

Lakini cheki nani alikaa wapi. Mwenye duka alikuwa ndani, nyuma ya kaunta. Fundi Mwafrika alikuwa nje na cherehani, akishona kitambaa kilichonunuliwa ndani. Ile veranda ilimpa kazi, na ilimwonyesha pia mwisho wake ni wapi. Oginga Odinga na wenzake walipoanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, wakiuza hisa kwa watu wa kawaida, nia ilikuwa kuvuka huo mpaka. Baadaye Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na maduka mengi ya vijijini yakabadilisha mikono.

Kaunta ikawa yetu. Sasa ni sisi wenyewe tunaofunga veranda. Jengo jipya linajengwa hadi ukingo wa barabara, mbele ni geti la chuma, kwa sababu mita mbili za kivuli hazilipi kodi. Mwaka jana mwenye nyumba aliziba ile ya Mama kwa matofali na kioo, akapata vyumba viwili vya kukodisha. Simlaumu sana, naye ana mkopo.

Mama sasa anashonea chini ya mwavuli. Mvua ikija anafunika cherehani kwa karatasi ya nailoni, halafu anasimama hapo kando yake, analowa. Nguzo ya pili bado ipo. Iko ndani ya ukuta, imepakwa rangi ya kijani.