Mzazi Mkombozi: Chimbuko la Filamu za Mtoto Aliyetekwa

Filamu za mapambano ambamo mzazi humfuata mwanawe aliyetekwa nyara hudhaniwa na wengi kuwa zao la miaka ya 1980, enzi ya kanda za video, ilhali mzizi wake unakaribia umri wa sinema yenyewe. Mwaka 1905, nchini Uingereza, Cecil Hepworth alitengeneza Rescued by Rover, filamu bubu, yaani isiyo na sauti, ya dakika chache tu, ambamo mwanamke ombaomba anamwiba mtoto mchanga kutoka kwenye kigari wakati yaya amenogewa na maongezi na askari. Hepworth mwenyewe aliigiza baba, mkewe akawa mama, binti yao akawa mtoto na mbwa wao akawa mbwa. Wanunuzi waligombea nakala hata negativu, yaani ukanda mama unaozaa nakala hizo, ukachakaa, ikabidi filamu nzima ipigwe upya mara mbili. Baba huyo hapigani na mtu: anamfuata mbwa, anavuka mto kwa mashua, anambeba mwanawe na kumwacha mwizi darini.

Miaka mitatu baadaye D. W. Griffith alianza kazi ya uongozaji huko Marekani kwa kisa kama hicho, The Adventures of Dollie, safari hii mtekaji akiwa Mroma, mtu wa jamii ya wahamaji iliyosingiziwa wizi wa watoto kwa karne nyingi barani Ulaya. Tangu hapo sura ya mtekaji imesema mengi kuhusu hofu za watengenezaji kuliko kuhusu uhalifu wenyewe.

Aliyempa mzazi silaha ni Alfred Hitchcock, na mzazi huyo, jambo linalosahauliwa mno, alikuwa mama. Katika The Man Who Knew Too Much ya mwaka 1934, mama ni mlenga shabaha hodari ambaye mwanzoni anashindwa shindano la kufyatulia visahani vinavyorushwa hewani. Mwishoni, binti yake akiwa juu ya paa na mtekaji, polisi anasita kwa kuogopa kumpiga mtoto, ndipo mama anapoinyakua bunduki na kumwangusha mtekaji kwa risasi moja. Hitchcock alipoitengeneza upya mwaka 1956 alimpokonya bunduki akamfanya mwimbaji, ambaye wimbo wake unamfikia mwanawe ghorofani. Ni werevu mzuri, lakini ule wa kwanza ulikuwa na uthubutu zaidi.

Commando ya mwaka 1985 ikamkabidhi kazi hiyo baba peke yake, mwanajeshi mstaafu mwenye saa 11 tu za kumwokoa binti. Mzazi wa namna hii aliingia bila taabu katika vibanda umiza vya Tanzania, kumbi ndogo za video ambamo mfasiri huweza kusimulia juu ya sauti ya filamu, kwa kuwa watazamaji walikuwa tayari na jina lake: stelingi, shujaa mkuu ambaye hutarajiwa kutokufa.

Taken ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Pierre Morel, inakumbukwa kwa vipigo, ingawa kiini chake ni simu: baba yuko Marekani, binti amejificha chini ya kitanda mjini Paris, naye anaelekezwa kwamba akishikwa apaze sauti na kutaja kila anachokiona kwa watekaji, nywele, kimo, alama za mwilini, na katika sekunde hizo chache baba huyo hodari hana silaha nyingine isipokuwa sikio lake na macho ya mtoto.