Kusoma kuanzie wapi? Funzo kutoka Ifo

Mtoto wa Ifo, kambi iliyofunguliwa karibu na Dadaab, Kaunti ya Garissa, mwaka wa 1991, hujifunza kusoma kwa njia mbili zinazokinzana. Kwenye duksi hufuata aya kutoka kulia kwenda kushoto. Shuleni, Kiswahili na Kiingereza humtaka aanzie kushoto. Kisomali cha nyumbani nacho huanzia kushoto tangu serikali ya Siad Barre ilipokipa alfabeti ya Kilatini Oktoba 1972. Awali masheikh walikiandika kwa hati za Kiarabu. Mbona basi mtoto huyu hapotei? Kwa sababu kila ukurasa humwonyesha mapema pa kuanzia.

Kiswahili kimepitia safari iyo hiyo. Kwa karne kadhaa washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika kwa hati za Kiarabu. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, na wamishonari waliomfuata walitumia hati za Kilatini, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikasanifisha tahajia yake.

Wanakili wa miswada ya Kiislamu walikuwa na mbinu zao za kumwongoza msomaji. Aghalabu vichwa viliandikwa kwa wino mwekundu, na chini ya ukurasa likatiwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Hebu fikiria karatasi zimetawanyika: neno hilo moja lilitosha kuzirejesha kwenye mpango wake.

Sasa tuje kwenye skrini. Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti. Programu hiyo haijali mapambo; hufuata mfuatano wa msimbo uliofichika nyuma ya ukurasa. Fundi akiandika kichwa baada ya habari, kisha akakipandisha juu kwa mapambo tu, mwenye macho ataridhika, lakini msikilizaji ataipata habari kabla ya kichwa chake. Na akikuza herufi bila kuzitia alama ya kichwa, msikilizaji hawezi kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Itambidi asikilize kila kitu tangu mwanzo. Tangazo la siku ya kujiandikisha likiwa chini kabisa, na bando lenyewe ni la shilingi ishirini, haki yake itakuwa imempita hivi hivi.

Panapochanganywa lugha, kama ilivyo Ifo, pana mtego mwingine. Msimbo usipotaja lugha ya kila sehemu, Kisomali kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hapo hakuna atakayeelewa.

Breli, iliyobuniwa na Louis Braille mwaka wa 1824, ilikata shauri mapema: hata Kiarabu cha breli husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa wavuti, miongozo ya kimataifa ya mwaka wa 2008 inataka mfuatano wenye maana utambulike na programu. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari.

Wataalamu wa lugha tusidhani hili ni la mafundi wa tarakilishi pekee. Kuamua kipi kitangulie, na kichwa kikae wapi, ni kazi ya mwandishi. Kabla ya kuchapisha tangazo, fumba macho ulisikilize lote. Ukipotea wewe uliyeliandika, msomaji wako wa Ifo atafika vipi?