Kichocho na kuziba kwa mkojo: Kisababishi kisiachwe nje ya faili

Figo inayovimba kwa sababu mkojo umezuiliwa njiani ina msimbo wake katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoidhinishwa mwaka wa 1990: N13. Msimbo huo, hata hivyo, husema tu kwamba kuna kizuizi. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, swali kubwa ni kilikotoka.

Huko kuna aina mbili za kichocho. Kandokando ya Ziwa Viktoria hutawala kichocho cha matumbo, B65.1. Mbali na ufuo, penye mabwawa na vijito, hupatikana kichocho cha mkojo, B65.0. Minyoo wa aina hii hutaga mayai katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai yanayokwama huacha makovu, nayo makovu hubana mirija iletayo mkojo kutoka kwenye figo. Mgonjwa huenda asihisi lolote hadi figo imekwisha kuharibika.

Daktari akiandika "kichocho" pasipo kutaja aina, afisa wa rekodi hubaki na B65.9, yaani kisichobainishwa. Akiandika "figo imevimba" basi, huwa N13.3, na kichocho hutoweka kabisa katika hesabu za hospitali. Misimbo yote miwili yafaa kuwekwa, wa kizuizi na wa kisababishi.

Faili nzuri hutaja upande ulioathirika, mahali penye kizuizi, picha ilionyesha nini, na kama mayai yalionekana. Mkojo wa kipimo hicho hutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ni mengi. Kutoyaona hakuondoi shaka; makovu ya zamani hudumu baada ya minyoo kufa.

Si kila kizuizi ni kichocho, bila shaka. Mawe ni N13.2, na tezi dume iliyokua, kwa wazee, ni N40. Penye usaha ni N13.6, na hiyo ni dharura.

Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 1, 2022, lina misimbo tofauti, lakini halimwokoi daktari aliyeandika neno moja. Tangu 1994 mnyoo huyu ametambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Prazikwanteli humuua, mrija uliokwisha kuzibwa na kovu huenda ukahitaji upasuaji.