Ukongwe wa Kutengenezwa: Tarehe ya Rangi ya Hudhurungi katika Picha

Kijana wa leo apigaye picha kwa simu yake, kisha kwa kugusa kioo mara moja akaigeuza ikawa ya hudhurungi, yenye pembe zilizoingia weusi, aghalabu hudhani kuwa ameiga kazi ya wakati. Lakini tukiifuata tarehe ya jambo hili hadi asili yake, tutaona ya kuwa rangi ile ilikuwa dawa ya kuuzuia uzee.

Picha ya karne ya kumi na tisa ilikuwa chembe za fedha zilizotulia juu ya karatasi, nayo fedha huliwa na hewa chafu. Kwa hiyo mafundi waliichukua picha iliyokwisha kusafishwa, wakaitia katika dawa ya kuifubaza mpaka ikakaribia kutoweka, kisha wakaitumbukiza katika maji ya salfa yenye uvundo wa mayai viza, na papo hapo sura ya mtu ikarudi, hudhurungi mfano wa wino wa dome, kwa kuwa fedha ilikwisha kuungana na salfa ikapata ustahimilivu ambao haikuwa nao ilipokuwa peke yake. Waungwana wale walitaka jamaa zao wadumu, nami kazi yao naitazama kwa taadhima.

Uzee wa kweli ulikuwa na alama nyingine. Karatasi za ute wa yai, alizozibuni Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850, ziliingia umanjano; na picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zilipoteza usamawati wake humo humo albamuni, zikasalia na wekundu.

Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ilimwezesha fundi mvumilivu kuyaiga haya yote kwa mkono. Mwaka 2008 Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu zake. Mwaka 2009 Kodak ikaiacha filamu yake ya Kodachrome, iliyokuwa sokoni tangu 1935. Na kabla mwaka huo haujaisha ikatokea Hipstamatic, programu ya simu iliyozipa picha mpya madoa na mpauko wa kamera za bei rahisi. Sidhani kuwa mambo haya yalikutana kwa bahati tu, maana watu huanza kukililia kitu siku kinapoondoka. Oktoba 2010 Kevin Systrom na Mike Krieger wakaileta Instagram, ambayo filta yake X-Pro II iliiga filamu ya slaidi iliyosafishwa kwa makusudi katika dawa isiyo yake.

Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Damon Winter, mpiga picha wa gazeti la New York Times, aliwapiga picha askari wa Marekani huko Afghanistan kwa simu yenye Hipstamatic, na mwaka 2011 picha hizo zikapata nafasi ya tatu katika mashindano ya Pictures of the Year International. Wengine walisema kuwa jicho na ujasiri vilikuwa vyake, na hilo ni haki yake. Wengine wakalalamika kuwa rangi zilichaguliwa na programu. Mimi nasimama na walalamikaji, ila kwa sababu nyingine: picha ya arusi ikivikwa ukongwe haimdhuru mtu, lakini askari wale walikuwa wangali vitani, na msomaji aliyewaona katika rangi za zamani alipewa nafasi ya kudhani kuwa vita vyao vimekwisha.