Kanisa la Miti Chini ya Masaba

Ukitoka Mbale kwa barabara ya Tororo, unapita Nabumali kwanza ndipo ufike Busiu. Katika kipande hicho kifupi, chini ya miteremko ya mlima Masaba, ndipo Kanisa la Uganda lilipoanza kuota mizizi upande huu wa mashariki. Lakini mpita njia haoni jengo la wakati ule. Makanisa ya mwanzo yalikuwa ya nguzo, fito, matete na nyasi, na mchwa wameshayamaliza zamani.

Ujenzi wenyewe ulitoka Buganda. Huko Namirembe, kanisa kubwa la mwaka 1892 lilisimama juu ya magogo yaliyobebwa na watu mabegani kutoka msituni. Mwaka 1894 dhoruba ikaangusha paa, likajengwa jingine la miti vilevile. Kisha likaja la matofali, likawekwa wakfu mwaka 1904, ila paa likabaki la nyasi; radi ikaliunguza mwaka 1910. Hili tunaloliona leo ni la mwaka 1919. Basi wanaodhani tofali pekee ndilo lenye kudumu wayakumbuke hayo.

Vijijini mambo yalikuwa madogo zaidi, na kwangu mimi ndiyo yenye utamu. Baada ya uamsho wa mwaka 1893, ambao mmisionari George Pilkington alikuwa mmoja wa viongozi wake, vibanda vya kusomea na kusalia vilichipuka kila upande wa Buganda. Watu walikuwa wakiviita sinagogi. Havikuhitaji fundi kutoka mbali. Wanaume walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo zenye panda ili zishike boriti. Matete yalipangwa yamesimama, moja kando ya jingine, yakafungwa kwa kamba za magome hadi ukuta ukakaza. Nyasi zikaezekwa, nyingine zikatandazwa chini, watu wakaketi juu yake, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Nguzo ilianza kuoza pale inapogusana na udongo, na paa likivuja liliezekwa upya. Hivyo kanisa halikujengwa mara moja likaisha. Kila kizazi cha waumini kililijenga tena, na kijana aliyekata fito alijua kabisa kwamba sehemu ya ukuta ni yake.

Njia ya kuja mashariki haikuwa salama. Askofu James Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Pilkington mwenyewe alipigwa risasi Desemba 1897, huko huko Busoga, katika vita vya askari wa Kisudani walioasi na kushika ngome ya Luba. Miaka michache baadaye Semei Kakungulu, mkuu wa Kiprotestanti kutoka Buganda, alifika Budaka na kisha Mbale pamoja na wafuasi wake. Nyuma ya bunduki zake walikuja pia wasomaji wenye vitabu vya Kiganda. Tusilifiche hilo tunapoadhimisha jubilei: kwa wenyeji wengi, injili na utawala mpya viliingia kwa mlango mmoja. Kakungulu mwenyewe baadaye aliachana na kanisa hilo, na mwaka 1919 akaanzisha jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya, ambayo ipo Mbale hadi leo.

Katika Masaba, kazi ya Church Missionary Society (CMS) ilianzishwa na W. A. Crabtree, akafuatiwa na J. B. Purvis aliyekaa Nabumali na kuandika kitabu cha sarufi ya lugha ya Lumasaba kilichotoka mwaka 1907. Hapo misheni ilizaa shule ambayo leo ni Nabumali High School.

Kilichoondoa nyasi juu ya makanisa kilikuwa pamba, kwa kiasi kikubwa. Kristen Borup, mmisionari aliyewafundisha Waganda kufyatua matofali na aliyesimamia ujenzi wa kanisa lile la mwaka 1904, ndiye aliyeleta mbegu za pamba kupitia kampuni ya Uganda Company, iliyoanzishwa mwaka 1903. Pamba ikaenea mashariki. Mkulima akawa na fedha ya kuchangia kanisa, na reli ya kutoka Tororo hadi Mbale na Soroti ikarahisisha kufikisha mabati. Kanisa nalo likapanuka: Dayosisi ya Upper Nile ilizaliwa mwaka 1926, na ya Mbale mwaka 1961, chini ya Askofu Lucian Usher-Wilson na baada yake Askofu Erisa Masaba.

Parokia zinazojiandaa kwa jubilei huko Busiu na jirani zake zina kawaida ya kuchapisha majina ya maaskofu na wachungaji. Ni sawa. Lakini waulizeni wazee, kabla hawajaondoka, nguzo ya kwanza ilisimama wapi, nani alikata miti, nani alileta nyasi, na wanawake gani walibeba maji ya kukandikia. Yaandikeni majina hayo kwenye daftari la parokia, na mahali pale pawekwe jiwe.